Sauti Iliyotoka Msibani

Siku ya kuniaga, walimu vijana walinipa kitenge, kuku wawili na kazi. Kitenge nimeshakishona, kuku mmoja bado anataga, na kazi ndiyo hii ninayoifanya sasa: kueleza nilivyofundisha watoto wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne, kujua habari ipi ya kuaminika na ipi ya kuiacha ipite. Walitaka niandike mwongozo. Miongozo nimesoma mingi, na mingine nimesaini kwamba nimeielewa. Kwa hiyo nitaandika yaliyonipata, na anayetaka mwongozo atauchuma mwenyewe humo ndani. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vilikuja vilivyokuja, vingine vilichelewa njiani, na hakuna mwanafunzi aliyenijua kwa hivyo.

Mimi ni Msambaa wa Lutindi, mzaliwa wa mlimani kwenye ukungu na migomba. Barua ya kupangiwa kazi iliponitaja Kang'ata, wilaya ya Handeni, mama yangu aliuliza kama huko kuna maji. Nikamjibu yapo tele. Nilikuwa nimeambiwa na mtu ambaye naye aliambiwa. Nilichokikuta ni lambo moja na foleni ya ndoo iliyoanza alfajiri. Hivyo habari yangu ya kwanza ya uongo katika kazi hii nilimpa mama yangu mzazi, tena kwa nia njema kabisa.

Siku ya kwanza niliingizwa darasa la sita, shule ya msingi, watoto watatu watatu kwenye dawati la wawili. Nikajitambulisha: naitwa Mwalimu Naomi, natoka Lutindi. Msichana wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, ni kweli watu wa Lutindi wote ni vichaa?" Mnaotoka mbali mjue kwamba huko kwetu kuna hospitali ya siku nyingi ya wagonjwa wa akili, na kwa watu wa tambarare jina la kijiji na la ugonjwa vimeshikana. Kabla sijapata la kujibu, sauti ikatoka mlangoni. "Nani amekwambia?" Alikuwa Mwalimu Mhando, mkuu wa shule, Mzigua mwembamba mwenye redio ndogo kwenye mfuko wa kitambaa. "Wanasema," yule msichana akajibu. "Wanasema anakaa nyumba ipi?" Darasa likacheka. Mzee hakucheka, alikuwa anangoja jina na nyumba. Msichana akafikiri, akasema ni shangazi yake. "Shangazi amefika Lutindi?" Hajafika. "Basi huyu mwalimu amezaliwa huko. Muulize yeye." Nikaulizwa, nikajibu, na kipindi kikaendelea.

Mwalimu Mhando ndiye aliyenifundisha kazi. Chuoni nilifundishwa kuandaa somo. Yeye alinifundisha kuuliza. Ile redio hakuisikiliza kama sisi wengine. Akipata habari saa saba mchana, alinyamaza nayo hadi saa moja jioni asikie kama bado iko vilevile, na mara nyingine alitafuta kituo cha pili kabla ya kutufungulia mdomo. Sisi vijana tulimwona anaachwa na dunia. Tulikuwa tunakimbilia ofisini na habari motomoto, yeye anatwambia, "Subirini ipoe, nione imebaki nini."

Mwezi wangu wa tatu pale, watoto wa upande wa lambo waliacha kuja shule. Kuna chui, walisema, ana watoto wawili, na amekula mbuzi. Mwalimu Mhando akachukua wanafunzi sita pamoja nami, tukaenda nyumba kwa nyumba kurudi kinyumenyume. Kila tulipofika aliuliza jambo lile lile kwa upole: uliona, au uliambiwa? Nyumba ya kwanza waliambiwa chui na watoto wake. Ya pili waliambiwa chui tu, watoto wakawaongeza wao. Ya tatu ni mnyama mkubwa, huenda chui. Jua limetuchoma, viatu vyangu vya chuoni vimeachia soli, tukafika kwa mama mmoja anapepeta mahindi. "Chui? Mimi nilisema mbuzi wangu ameshtuka," akasema. "Nikasema sijui kaona nini." Mbuzi mwenyewe alikuwa pembeni, mzima, anatafuna kamba yake.

Wakati wa kurudi watoto walitaka mwongo aadhibiwe. Mwalimu Mhando akawaomba wamwonyeshe mwongo ni nani. Wakazunguka nyumba zote kwa vidole, wakashindwa. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alisaidia kidogo tu, kwa sababu aliwapenda watoto wa jirani na hakutaka waliwe. Somo lile sijalipata kwenye kitabu chochote, na nimelirudia kila mwaka niliofundisha.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Gazeti lilifika Kang'ata limefungia dagaa. Tulilikausha juani, tukalibandika ukutani kwa uji wa unga, na mara nyingi tulikuwa na nusu ya habari: kichwa kipo, mkia umebaki kwa muuza duka. Nikawa nawaambia watoto waandike kile wanachofikiri kilikuwa kwenye nusu iliyopotea. Waliandika mambo ya ajabu. Kisha siku moja mtoto wa mwenye duka akaja na ile nusu nyingine, tukalinganisha, na darasa zima likaona aibu iliyochanganyika na kicheko. Nawashauri mjaribu. Dagaa bado wapo, ingawa siku hizi wanafungwa kwenye mifuko.

Miaka ikaenda. Nilisoma zaidi, nikahamia sekondari, mambo ambayo hayana utamu kwa msomaji, na nikaletwa Magoma, upande wa Korogwe, kufundisha Kiswahili kidato cha kwanza na cha pili. Huku wanafunzi walikuwa mchanganyiko: watoto wa wakulima wa mpunga na mahindi, Wasambaa wenzangu walioteremka mlimani, Wazigua, na wajukuu wa watu walioletwa zamani kukata mkonge kutoka kila kona ya nchi. Jina moja la Kiislamu, la pili la Kikristo, dawati moja. Na simu zilikuwa zimeshaingia. Shuleni zilikatazwa, lakini nyumbani mtoto ndiye aliyekuwa fundi wa simu ya mama yake, na kila kilichofika kwa mama kilisomwa kwanza na mtoto.

Nikaanzisha kipindi cha Alhamisi. Kila mmoja aje na habari moja aliyoisikia wiki hiyo, popote. Ubaoni niliandika maswali ya Mwalimu Mhando na mengine niliyoyaongeza: nani kasema, aliona au aliambiwa, ilikuwa wapi na lini, na kuna mwingine, asiyemjua huyu, anayesema hivyo hivyo? Mwanzoni walileta mpira tu. Baadaye wakaanza kuleta mizigo ya kweli. Kipindi cha mvua kubwa mmoja alileta picha kwenye simu ya baba yake, kwa ruhusa yangu: basi limezama hadi madirishani, maandishi yanasema ni Mto Lwengera, asubuhi hii, msipite. Tukaipitisha mkono kwa mkono. Kijana wa nyuma ambaye sikuwahi kumsikia akiongea akasema taratibu, "Madam, usukani uko kushoto." Tukaangalia. Kweli, dereva alikuwa anakaa upande ambao hapa kwetu anakaa kondakta. Siku ile nilikwenda nyumbani nimefura kwa furaha, nikampikia mume wangu pilau bila sababu, naye akauliza kuna mgeni gani.

Nayasema haya ili mjue nilikuwa najiona hodari. Walimu wenzangu wakipokea jambo kwenye simu waliniletea mimi, nami nikaliangalia kwa miwani kama mganga. Na ndivyo nilivyokuwa wakati wa kosa ninalotaka kuwasimulia, ambalo ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Getini pale shuleni alikuwa akikaa Mama Rehema, Mzigua wa asili ya Handeni, akiuza maandazi na uji wakati wa mapumziko ya saa nne. Maandazi yake yalikuwa na hiliki na yalikuwa makubwa kuliko haki. Binti yake Rehema alikuwa kidato cha pili, darasani kwangu, msichana mwenye mwandiko mzuri na hasira za karibu. Mama alikuwa peke yake na mtoto huyo na baba yake mzazi, mzee aliyekuwa mgonjwa muda mrefu. Kapu lile la maandazi ndilo lililomsomesha Rehema.

Yule mzee alifariki wiki ambayo mimi nilikuwa Korogwe mjini kwenye semina ya, sitaficha, malezi ya watoto na mitandao. Sikuhudhuria msiba na wala sikupata habari zake. Nimerudi, kesho yake asubuhi mwanafunzi wa kidato cha kwanza akatapika mstarini. Tukampeleka zahanati. Nikarudi ofisini na wasiwasi, nikafungua simu, na kwenye grupu la kwaya yetu nikakuta ujumbe wa sauti. Sauti ya mwanamume mtu mzima, nzito, yenye uchungu: "Jamani wazazi, nawatahadharisha! Maandazi ya Mama Rehema msile! Baba yake mzazi ameyala asubuhi, alasiri hii tunamzika! Na nyie mnaowaacha watoto wayanunue pale getini, shauri yenu!" Basi. Chini yake mtu ameandika: sambaza kwa wazazi wote.

Nikasambaza. Niliupeleka kwenye grupu la wazazi wa shule nzima, na chini yake nikaandika kwa mkono wangu, "Wazazi, tuwe makini. Madam Naomi." Ilinichukua muda mfupi kuliko kunoa penseli. Sikuuliza nani anasema. Sikuuliza ilikuwa wapi. Nilimfikiria mtoto aliyetapika, na kidole kikaenda.

Jioni zahanati walisema yule mtoto ana malaria. Nilishukuru Mungu, nikamtumia mzazi wake pole, na ule ujumbe sikuufuatilia tena. Namaanisha hivyo hivyo. Ulikuwa umetoka mkononi mwangu, kwangu mimi ukawa umekwisha.

Siku iliyofuata Mama Rehema alirudi nyumbani na kapu limejaa. Siku ya pili vilevile. Nilimwona kwa dirisha la ofisi amekaa na kanga yake ya msiba, wanafunzi wanapita kwa mbali wakimtazama pembeni. Nikajiambia mwenyewe ni vizuri wasile mpaka ijulikane, kana kwamba kuna mtu alikuwa anachunguza. Rehema alihudhuria siku mbili hizo. Mtu aliandika "sumu" kwenye dawati lake kwa kalamu. Siku ya tatu, Alhamisi, hakuja.

Alhamisi hiyo hiyo, kwenye kipindi cha habari, Hamisi akasimama. Hamisi alikuwa kijana mchangamfu, asiye na ubaya, anayependa kuchekesha. "Habari yangu ni ya maandazi," akasema. Wachache wakacheka. Ningeweza kumwambia alete nyingine. Nilitamani. Lakini walikuwa wananitazama wote, na maswali yalikuwa ubaoni kwa mwandiko wangu, nikaona nikiruka hapa nimefuta yote.

"Nani kasema?" nikauliza.

Kabula, msichana mrefu wa dawati la dirishani, akasimama bila kunyoosha mkono. "Madam, yule ni babu yangu."

"Una hakika?"

"Ni babu. Babu Maganga. Alikuwa msibani kwa kina Rehema, nami nilikuwepo. Si alikuwa anamtania mama Rehema? Sisi Wanyamwezi, wao Wazigua. Na mama Rehema akamjibu. Hapo kwenye sauti wamekata."

"Alimjibu nini?"

"Alisema, 'Wewe Mnyamwezi umekula kumi na mawili tangu asubuhi, mbona kaburi linakukataa?' Watu walicheka, hadi shekhe alicheka. Mama Rehema mwenyewe ndiyo alicheka mara ya kwanza tangu baba yake afe."

Kwa mnaotoka kusikokuwa na utani, niseme kidogo. Mtani ana kazi yake msibani. Atavaa kanzu ya marehemu, atajitupa kaburini, atasema mbele ya watu maneno ambayo angeyasema mwingine angepigwa. Kazi yake ni kumtoa mfiwa kwenye giza. Na mfiwa lazima amjibu, ndipo utani unakamilika. Mimi Msambaa sina fungu katika utani wa Wazigua na Wanyamwezi, lakini nimeishi humo umri wangu wote na naujua. Ule ujumbe ulikuwa na kila dalili. Ni nani mwenye akili anayemtuhumu mwanamke kumuua baba yake, kwa sauti kubwa, penye maiti, halafu anaachwa amalize sentensi?

Baadaye niligundua jambo lililoniumiza zaidi. Wazazi waliokuwapo msibani waliuona ujumbe wangu kwenye grupu na hawakunisahihisha, kwa sababu walidhani na mimi natania. Waliokuwa mbali, vijiji vya juu, waliuamini, kwa sababu ulikuwa na jina la mwalimu.

Nilijua mambo yanaelekea wapi. Nilikuwa nimesimama pale naomba Mungu mnyororo ukatikie kwa mtu mwingine.

"Sasa nani aliisambaza?" Kabula akauliza. Hakuuliza kwa shari. Ni hatua iliyofuata, niliwazoeza mwenyewe.

"Mimi nimepata kwa mama," Hamisi akasema.

"Mama alipata wapi?"

"Grupu la wazazi."

"Nani aliweka?"

Hamisi akatazama viatu vyake. Alikuwa anajua tangu mwanzo, maskini, na hakufikiri kwamba swali lingefika huko. "Sema, Hamisi," nikamwambia.

"Madam, ni wewe."

Nikachukua chaki. Chini ya "nani kasema" nikaandika Babu Maganga. Kando yake nikaongeza "nani amesambaza", nikaandika Madam Naomi. Aliona? Hakuona. Aliuliza? Hakuuliza. Herufi zilikwenda upande. Nikageuka kuwaambia kwamba nimekosa, nikasema, lakini sauti haikutoka vizuri ikabidi niseme tena. Watoto arobaini na kitu wananitazama, na hakuna aliyecheka. Kabula akaleta kiti changu kutoka mezani akakiweka nyuma yangu. "Kaa, Madam," akasema. Nimetunukiwa vyeti kadhaa katika kazi hii na hakuna hata kimoja kilichonifaa kama kile kiti.

Mchana huo huo nilikwenda kwa Mzee Maganga. Nilimkuta anasokota kamba ya mkonge mlangoni, nikamwamkia, nikamsikilizisha ujumbe. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba tena, akaangalia simu kama iliyomng'ata. "Mbona wamemkata yeye?" akauliza. "Maneno matamu ni ya kwake." Nilipomweleza kapu linarudi limejaa, aliweka kamba chini. "Mwanangu, mimi nilikwenda pale kumpangusa machozi," akasema. "Twende sasa hivi."

Mama Rehema alikuwa uani anaosha sufuria ambayo haikuwa chafu. Mzee Maganga alianza kuomba radhi kabla ya kukaa. Alimkatiza. "Wewe mtani sina neno na wewe. Ulisema mbele yangu, nikakujibu mbele yako, tukamalizana. Kaa." Kisha akanigeukia. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, miaka mingapi unapita pale getini?"

"Mingi, Mama Rehema."

"Asubuhi na jioni. Na saa nne unamtuma mtoto akununulie mawili. Hukuweza kusimama siku moja ukaniuliza, 'Mama Rehema, nimesikia hivi, ni kweli?' Ningekwambia. Nisingekukasirikia."

Nilisema nisamehe, naye akaendelea kusugua sufuria. Rehema yuko wapi? Amepelekwa Kang'ata kwa bibi yake, jana jioni. Atarudi lini? "Arudi kufanya nini?" akasema. "Kapu ndilo lilikuwa linamrudisha shule. Na mwenyewe amesema harudi penye watu wanaosoma 'sumu' kwenye dawati lake." Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulikuwa umebakiza wiki sita.

Usiku ule niliandika kwenye grupu, kisha nikasema kwa sauti pia ili asiyesoma asikie: kwamba maneno yale ni utani wa msibani, yamekatwa, mtoto alikuwa na malaria, na mimi Naomi niliyatuma bila kumuuliza mtu. Nilipata vikopa vya moyo kadhaa na mzazi mmoja aliyeuliza ada ya mitihani. Sahihisho halina miguu ya uvumi, hilo mlijue. Asubuhi nikawaambia kidato cha pili hivyo. Kabula akasema basi wao watakuwa miguu. Kila mmoja akataja aliowaambia au kuwasikilizisha, na Ijumaa baada ya shule wakatawanyika wakaenda kwa watu hao mmoja mmoja, hadi vijiji vya juu, kusema kwa mdomo. Hamisi alikuwa na watu wengi kuliko wote. Alirudi amevimba miguu, na mama yake alinilalamikia.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Kang'ata. Wale watoto wa mbuzi na chui sasa wana ndevu na maduka; mmoja alinibebea mkoba hadi kwa bibi yake Rehema. Rehema alikuwa anapukuchua mahindi. "Shikamoo, Madam," akasema bila kuinua macho. "Marahaba, mwanangu." Nikakaa kwenye mkeka, nikachukua hindi, tukapukuchua pamoja muda mrefu. Nikamweleza yote, pamoja na jina langu ubaoni.

"Madam," akasema, "ulipotuma, ulikuwa unamfikiria nani?"

"Niliwafikiria watoto. Niliogopa wataumwa."

"Mimi si mtoto?"

Nimeulizwa maswali mengi na wakaguzi, na wazazi, na wanafunzi wenye dharau. Hakuna lililonifika kama lile. Nikamwambia, wewe ni mtoto, Rehema, na nilikusahau. Nililia, sioni haya kuliandika. Bibi yake akaleta maji kwenye kata, akanipa, akakaa, akachukua hindi naye.

"Nikirudi watanicheka?" Rehema akauliza baadaye.

Ningeweza kusema hapana. Mdomo ulikuwa tayari. "Wengine watakucheka," nikasema. "Si wengi. Na sijui kama maandazi yatanunuliwa. Wenzako wamejitahidi, lakini sijui." Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akaingia ndani. Nilidhani mazungumzo yamekwisha, kumbe alikwenda kukunja sare yake.

Tangu hapo niliongeza swali kwenye ubao wa Alhamisi, na nikaliweka juu ya mengine yote: anayesemwa, ameulizwa? Mwalimu Mhando alilitenda siku yangu ya kwanza, lakini kulitaja kama swali hakulitaja, pengine kwa sababu mbuzi hajui kujibu. Chukueni mengine au myaache, lakini hilo msiliache. Picha zitazidi kuwa za ajabu, sauti zitatengenezwa na mashine, na usukani utawekwa kulia na watu wajanja. Mwenye kusemwa atakuwa bado anaishi mahali fulani, mara nyingi si mbali.

Jumatatu, kengele ya saa nne ilipolia, nilitoka ofisini nikasimama kwenye ngazi. Mama Rehema alikuwa getini. Alikuwa amekaanga nusu tu ya kawaida, hakuthubutu zaidi. Wanafunzi walitoka madarasani wakasimama uwanjani, wanasitasita, kila mmoja anamngoja mwenzake. Rehema alikatiza katikati yao. Alikwenda hadi kwa mama yake, akachukua andazi moja, akageuka akatukabili shule nzima, akala. Alikula polepole, mpaka likaisha, akapangusa mdomo kwa kiganja. Kabula akaenda akanyoosha mkono. Kisha Hamisi, anachechemea. Kisha sikuweza tena kuwahesabu kwa sababu walikuwa wanasukumana.

Nilishuka ngazi nikajipanga nyuma ya kidato cha kwanza. Mstari ulikwenda taratibu, na mbele yangu kulikuwa na msichana mdogo aliyenigeukia mara mbili kuona kama ni mimi kweli. Nilipofika, Mama Rehema alikuwa anakung'uta kitambaa juu ya kapu tupu. Uso wake haukuwa umelainika wote, lakini aliniangalia machoni.

"Yameisha, Mwalimu," akasema. "Kesho uwahi."

Kesho yake nilifika kabla ya kengele.